Ngoma Zilizomwagiwa Maji

Sogeeni, wajukuu, ngano imebisha hodi.

Zimwi liliandaa mashindano ya ngoma. Kundi la Mtoni likashinda, likaitwa ndani kula pilau, halikutoka. La Kilimani likashinda, likaingia, halikutoka. Likabaki kundi la Mwanamvua, mwimbaji. Roho yake ikasita: pilau gani hii haitoi hata harufu?

Wenzake walipokwisha kupasha ngoma moto ili zilie vizuri, akazimwagia maji.

“We Mwanamvua, una wazimu? Tutashindwa!”

“Na tushindwe.”

Ngoma zikalia bwe, bwe.

“Hizo ngoma au magunia?” Zimwi likafoka.

“Basi, Bwana Mkubwa, tuonyeshe washindi walivyopiga.”

Zimwi likaachama kwa majivuno. Tumboni ngoma zikarindima.

“Jamani, mlango u wazi!” akaimba Mwanamvua.

Waliomezwa wakaruka nje wote kupitia kinywa kile, mpiga zumari bado anapuliza.

Ngano imelala, nanyi lalani.