Jezi ya Kwanza ya Idris

Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna, maana mwisho nitakuuliza. Leo sina sungura wala fisi. Nina jezi moja nyekundu na watu watatu wanaoigombania, huko Wales, kwenye kijiji cha wachimba makaa ya mawe.

Alikuwako Idris Prosser, mcheza raga. Mbio alikuwa nazo, lakini mbio peke yake hazimfikishi mtu timu ya taifa. Nyuma yake walikuwako watatu: kaka yake Emlyn, mwenye nguvu; Mwalimu Haydn, mwenye jicho; na mkewe Nesta, mwenye moyo.

Emlyn alifanya zamu mbili shimoni kila Jumamosi, yake na ya mdogo wake. "Nenda kacheze, bwana wee," alimwambia, "huku niachie mimi." Akameza vumbi miaka tisa. Leo akipanda ngazi tatu tu anashika ukuta.

Mwalimu Haydn, katibu wa klabu, alimfundisha kumhadaa beki. "Usiangalie miguu yake, angalia kiuno!" alimfokea kila jioni kwenye tope, mpaka sauti ikamkauka. Ndiye aliyewaendea wateuzi wa timu ya taifa mara nne. Mara tatu walimfukuza.

Na Nesta? Goti la Idris lilipovunjika, daktari akasema raga basi. Nesta akamkanda, akamtembeza uani miezi saba, naye ana mimba na miguu imemvimba. "Lia ukitaka," alimwambia, "lakini simama."

Basi Idris akavaa jezi nyekundu ya Wales, mara moja tu. Kijiji kizima kilicheza barabarani! Kisha mgodi ukafungwa.

Sasa hapa ndipo panaponikera. Raga ya nyumbani, ya watu kumi na watano, ilikuwa ya ridhaa: unacheza bure, unapigiwa makofi, unalala njaa. Kaskazini mwa Uingereza kulikuwa na raga ya watu kumi na watatu, ya kulipwa. Na sheria ilikuwa hii: ukienda kule, huku umekufa. Huchezi tena, wala mlango wa klabu huukanyagi maisha yako yote.

Idris aliipenda klabu yake, hakutaka kwenda. Nesta ndiye aliyesema, "Ama kaskazini, ama mimi na mtoto tunarudi kwa mama." Idris alilia juma zima, kisha akatia saini.

Kule aling'ara miaka kumi, watu wakimwimba. Kwao, picha yake iliondolewa ukutani siku ileile. Aliyeiondoa ni Mwalimu Haydn, kwa mikono yake mwenyewe. Eti sheria!

Baba yao alipofariki, chai ya msiba ilinywewa klabuni. Idris, mwana wa marehemu, alisimama nje mvuani! Nesta alisimama naye. Haydn akamtolea kikombe, akarudi ndani mbio. Emlyn alimpigia kelele kutoka dirishani, "Nilikupa mapafu yangu, nawe ukanitupia wazee!" Halafu akalifunga dirisha.

Juzi Idris naye amefariki. Ameacha karatasi yenye mstari mmoja: "Jezi yangu ya kwanza apewe aliyenifikisha." Mpumbavu yule! Si angetaja jina?

"Nizikwe nayo mimi," amesema Emlyn, akihema. "Sina siku nyingi, na maisha yangu yote nimevaa nguo za shimoni."

"Niitundike pale nilipoitoa picha," amesema Haydn. "Sheria imeshafutwa. Mimi nimebaki na aibu."

"Shemeji, Mwalimu, nyinyi mlimwacha nje," amesema Nesta. "Anaondoka nayo jenezani. Asiiguse mtu."

"Na nani aliyempeleka huko kaskazini?" amejibu Emlyn.

Jeneza linafungwa mchana huu. Hawasemezani tena. Jezi wamekuwekea mikononi wewe, kwa sababu wewe tu hukumkosea marehemu. Usiniambie ikatwe vipande vitatu, na usiniangalie mimi, sijui. Je, wewe ungeamua vipi? Taja jina moja. Kisha wageukie wale wawili uwaambie, kwa kinywa chako, kwamba walichotoa hakikutosha.