Kwa Nini Kivumo Hawabebi Mzigo Siku ya Tano

Watu wa milima ya Kivumo zamani hawakuwa na siku ya kupumzika. Walilima tangu kukicha, wakashuka na kuni jua likizama, na aliyeonekana ameketi mchana aliulizwa anaumwa nini.

Mfereji mmoja uliwanywesha wao na jirani zao wa Mrindi. Kila kiangazi, kila kijiji kilitoa mkimbiaji. Walianzia bondeni wakapanda hadi banio la mfereji, pale maji yanapozuiwa na kufunguliwa, na kijiji cha aliyetangulia kufika kilimwagilia kwanza. Mwaka mmoja wa ukame, Kivumo walimchagua Namkunda, mama wa mapacha waliokuwa wakitambaa. Mahindi yake yalikwisha kujikunja majani.

Namkunda alifanya mazoezi bila huruma. Alipanda mlima alfajiri, akaupanda tena alasiri. Mwanzoni mwili ulimtii. Baadaye akaanza kuchelewa pale alipozoea kuwahi. Akadhani ni uvivu, akaongeza safari ya tatu. Goti likavimba, akalifunga kwa kamba ya mgomba, akaendelea.

Shangazi yake, Nakijwa, aliyekuwa akimlelea watoto, alimkuta kizingitini akijikokota kusimama kwa kushika ukuta.

"Kesho huendi," alimwambia.

"Shangazi, zimebaki siku sita! Nikikaa, watoto hawa watakula nini?"

"Na ukivunjika watakula nini? Wewe ulishaona wapi mhindi ukimea jembe likiwa juu yake? Unapalilia, unauacha, ndipo unamea."

Namkunda alilia kwa hasira. Kila alipovuta pumzi akiwa ameketi, aliona kama maji yanakwenda Mrindi. Lakini goti halikumpa nafasi ya kubisha. Siku mbili shangazi alimkanda kwa maji ya moto, akamlisha, akamfukuza kila aliposogelea jembe. Siku ya tatu alitembea hadi kisimani. Siku mbili zilizofuata alikimbia kidogo tu, na siku ya sita akalala tena. Majirani walinung'unika kwamba wamemtegemea mgonjwa.

Mkimbiaji wa Mrindi alikuwa kijana aitwaye Sengasu, ambaye hakuukosa mlima hata siku moja, hata siku ya kuamkia mbio. Siku ya mbio alitangulia mpaka kwenye mwinuko wa mwisho. Hapo misuli ikamkaza, akawa anatupa miguu kama si yake. Namkunda alipompita aliutazama uso wake, akaujua uchungu ule. Akafika kwenye banio, akaligusa, na watu wa Kivumo wakapiga vigelegele. Yeye akageuka, akashuka, akampa Sengasu bega.

"Walikupa dawa gani?" kijana aliuliza, akihema.

"Walinilaza."

Watu walicheka. Sengasu hakucheka, aliketi chini palepale, akanyoosha miguu, na machozi yakamtoka kwa uchovu wa siku nyingi. Nakijwa akamsogelea, akaanza kumkanda kama alivyomkanda Namkunda. Wazee wa vijiji vyote viwili walisimama wakitazama, na kabla ya kuondoka walikuwa wamekubaliana neno moja.

Na tangu siku hiyo, siku nne ni za jembe na mlima. Ya tano, Kivumo na Mrindi, hakuna kichwa kinachobeba mzigo. Hata mgeni apitaye njia hutuliwa furushi lake na kuvutiwa kigoda, wala haulizwi aendako mpaka apumue.