Cheni Iliyong'aa

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki nyekundu, na mkewe alikuwa na gauni jeupe, na mtu huyo alitaka vyote viwili viwe safi mbele ya watu. Jina lake Elinami. Alikuwa shemasi wa kanisa katika kijiji cha juu huko milima ya Upare, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na matuta ya tangawizi huanzia mlangoni. Siku za kazi alishusha magunia mpaka barabara kubwa ya tambarare. Siku ya Sabato alimpakia mkewe, Nakijwa, wakaenda kanisani kwenye kilima cha pili. Binti yao wa pekee, Nanzia, alikuwa ameolewa mbali, na nyumbani walibaki wao wawili.

Fundi aliyemwandalia pikipiki ile alimpa agizo moja tu. Kila ukiiosha, alimwambia, na kila ukitoka kwenye matope, kausha cheni kisha uipe mafuta, tone moja kwa kila kiungo, huku unazungusha gurudumu taratibu. Nguvu iko kwenye injini na kazi iko kwenye gurudumu, lakini nguvu haifiki kwenye kazi mpaka ipite kwenye cheni. Elinami alilishika agizo hilo miaka mitatu, na pikipiki ilipanda milima bila kinyongo.

Kisha ikaja Ijumaa moja ambayo alichelewa kurudi. Jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia, naye hakutaka imkute na mikono michafu. Akaosha haraka, akakausha haraka, na mafuta akayamimina badala ya kuyadondosha, wala hakufuta yaliyozidi. Asubuhi yake walipofika kanisani, gauni jeupe la Nakijwa lilikuwa na madoa meusi kuanzia pindo mpaka kiunoni. Wanawake wa kwaya wakacheka bila ubaya. Mmoja akamuuliza kama amekuja kwa kupitia ndani ya chungu. Nakijwa akacheka pamoja nao. Elinami hakucheka. Alikaa kwenye benchi la mbele akiwa amejikunja, na hakusikia neno hata moja la mahubiri.

Njiani kurudi, mkewe aliimba. Hilo lilimchoma zaidi kuliko madoa. Elinami akamwambia kuna watu hawana haya. Nakijwa akamjibu kwamba yeye, Elinami, anaona macho ya watu wa uwanja wa kanisa kuliko anavyomwona mtu aliyeketi mgongoni pake. Wakafika nyumbani. Lakini jioni ile Elinami alikaa barazani akafikiri, na akafikia uamuzi ambao aliuona ni wa busara. Mafuta huchafua, alisema moyoni, na maneno nayo huchafua. Mtu anayetaka kuwa safi ajiepushe na yote mawili.

Tangu hapo kila Ijumaa mchana aliosha cheni kwa petroli na mswaki wa zamani, kiungo kimoja kimoja, akaifuta kwa kitambaa cheupe, na akaishia hapo. Ikang'aa. Watu waliopita njiani walisimama kuitazama, na yeye alijifanya haoni kama wanatazama. Nyumbani nako kukawa hivyo hivyo. Hakumtukana mkewe, hakumnyima kitu, hakupandisha sauti. Alimwambia maji yamechemka. Alimwambia mvua inakuja. Mkewe akimuuliza jambo lisilo na kazi, kama vile ameota nini au wingu lile linafanana na nani, alitabasamu kwa adabu na hakujibu, mpaka mkewe akaacha kuuliza. Mama mmoja jirani akawatuma bwana na bibi harusi waende kujifunza kwao, kwa kuwa ile ni nyumba isiyo na kelele. Maskini wale vijana walinyweshwa chai, wakatazama kuta, wakarudi.

Cheni mbili zilikufa katika mwaka mmoja. Elinami alisema ni za bandia. Fundi alizishika mkononi, akamwambia si za bandia, zimekufa kwa kiu. Elinami akamjibu kwa upole kwamba yeye ni mtu wa usafi, na fundi, ambaye mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, akarudi kwenye kazi yake.

Lazima niwaeleze desturi ya madereva wa milima ile. Wakianza kuteremka huzima injini, wakaweka gia huru, wakaiacha pikipiki iserereke yenyewe mpaka chini. Wakati wa kupanda, injini hunguruma na hufunika kila kitu. Wakati wa kuteremka ndipo mtu husikia kile ambacho injini ilikuwa inakificha. Basi Elinami alipokuwa akiserereka ndani ya ukungu, magunia mgongoni, miti ikija na kupotea pande zote mbili, macho nusu yamefumba, alisikia sauti nyembamba ikitoka chini ya mguu wake. Ilikuwa cheni inalalamika. Lakini katika weupe ule, ambamo hakuna mbele wala nyuma, haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa kama mtu aliyeketi nyuma yake anamuuliza jambo, kwa sauti ya chini, jambo lile lile kila siku, na kila siku yeye halishiki vizuri. Aligeuka mara nyingi kutazama. Palikuwa na magunia tu. Mara moja aliapa kuwa ni sauti ya Nakijwa, na alitaka kujibu, ila hakujua ameulizwa nini. Kisha ukungu uliisha, tambarare ikafunguka, malori yakapiga honi, naye akasahau.

Ikafika Jumapili moja asubuhi. Nakijwa alimwambia anakwenda kwa mama yake, ng'ambo ya mlima, kumsaidia kuvuna tangawizi, na akamwomba ampeleke. Hilo ni jambo la kawaida, na Elinami akaleta mpira wa kufungia mzigo. Mkewe alivaa lile gauni jeupe, kwa kuwa mtu haendi kwa mama yake ovyo ovyo. Kapu lilikuwa tayari mlangoni. Juu ya kapu, limekunjwa vizuri, palikuwa na blanketi la kahawia lenye mistari, lile la kitandani mwao.

Elinami alisimama na mpira mkononi. Mtu habebi blanketi kwenda kwa mama yake. Kwa mama yapo mablanketi. Mtu anayebeba blanketi lake anahama. Alilijua hilo palepale, na akaogopa, maana miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kulala katika nyumba ile bila pumzi ya mtu huyu upande wa ukutani. Ilimpasa aulize. Swali lilimfika ulimini, likakaa pale, naye akahofia litadondokea wapi na litaacha doa gani. Akalimeza. Akafunga kapu, akafunga tena mara ya pili, akamwambia mkewe akae vizuri.

Wakapanda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba alijua njia kwa kuhisi mawe yake. Nyuma yake hapakuwa na wimbo. Alijiambia atauliza kwenye daraja la miti, na daraja likapita. Alijiambia atauliza kwenye kona ya migomba, na migomba ikatoka ndani ya weupe, ikatikisa majani, ikarudi ilikotoka. Mwinuko wa mwisho ndio mkali kuliko yote. Elinami akaongeza moto. Kikasikika kishindo kikavu, na injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, lakini gurudumu halikusogea hata shubiri. Cheni ilikuwa imelala njiani nyuma yao, safi, inang'aa, imekatika.

Wakashuka kwenye pikipiki. Elinami alikuwa na kiungo kimoja cha akiba na koleo ndogo chini ya kiti, akaiunga cheni na kuirudisha mahali pake. Lakini alipozungusha gurudumu kwa mkono, aliona jambo ambalo mng'aro ulikuwa umemficha. Ndani, kati ya kiungo na kiungo, palikuwa na kutu nyekundu, na viungo vingi vilikuwa vimekakamaa, havikubali tena kukunjana. Kwa hali ile ingekatika tena kabla ya kufika kileleni. Mafuta hakuwa nayo. Hakuwa amebeba mafuta tangu ile Sabato ya madoa.

Nakijwa naye aliviona viungo vile. Alifungua kapu, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya nazi anayopaka nywele, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu na gauni lake jeupe. Elinami alinyoosha mkono kumzuia kwa ajili ya gauni. Mkewe akamwambia gauni hufuliwa, azungushe gurudumu, tena taratibu.

Basi akazungusha. Tone moja, kiungo kimoja. Cheni ile ilikuwa na viungo mia moja na kumi na sita, na mwanzoni Elinami alivihesabu. Ukungu ulikuwa umewafunga pande zote, na hapakuwa na mlima tena, wala njia, wala siku ya juma. Palikuwa na gurudumu linalozunguka, na harufu ya nazi, na vidole vya mwanamke vilivyoanza kuwa vyeusi. Penye kiungo cha thelathini na kitu alisema, bila kujua kwa nini, kwamba harufu hii ni ya Nanzia alipokuwa mdogo. Nakijwa akasema ndiyo, hasa siku za kusukwa, alivyokuwa akilia kabla hajaguswa. Elinami akasema alikuwa akilia kwa kusudi, apewe muwa. Mkewe akacheka puani. Tone likaanguka, kiungo kikalegea. Wakasema habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kofia. Wakasema habari ya ndoto. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililokuwa na kazi, na kila neno lilikwenda na tone lake, na viungo vilivyokuwa vimekakamaa vikaanza kukunjana kimoja baada ya kingine. Naye hakuwa anahesabu tena.

Kilipobaki kiungo cha mwisho, kile kipya, Elinami alisimamisha gurudumu. Mikono yake ilikuwa michafu mpaka vifundoni. Alitazama chini, akauliza mbona amebeba blanketi.

Nakijwa alishikilia chupa, tone likining'inia kwenye mdomo wa chupa.

"Nililiweka juu ya kapu makusudi, Baba Nanzia, ulione uniulize," alisema. "Usingeuliza mpaka kwa mama, ningeingia nalo ndani."

Kisha akaliacha tone lianguke. Elinami alizungusha gurudumu mara moja zaidi, ingawa halikuhitaji, kwa sababu hakutaka kuinua uso. Alikuwa na aibu, na ndani ya aibu ile alikuwa na furaha kubwa, na vyote vilimtoka kwa macho. Alimwomba mkewe msamaha pale pale njiani, kwa maneno yaliyokwama kwama, maana yalikuwa hayajatumika siku nyingi.

Wakapanda kilele bila taabu. Upande wa pili Elinami alizima injini, na pikipiki ikaanza kuserereka. Alitega sikio chini ya mguu wake. Cheni ilikuwa kimya. Ukungu ulikuwa unapasuka vipande vipande, na mashamba ya ukweni yakaonekana chini, yakafunikwa, yakaonekana tena. Na kutoka nyuma yake sauti ya chini ikamuuliza jambo, na safari hii aliishika. Ilimuuliza kama anasikia baridi. Akasema anasikia, anasikia sana, tangu zamani. Mikono ikapita mabegani mwake na blanketi la kahawia, ikalikaza kifuani.

Mama yake Nakijwa alikuwa mlangoni. Alikuwa amepewa habari kwamba binti yake anakuja kukaa, na alikuwa ameshatandika kitanda kimoja chumba cha nyuma. Alitazama gauni lenye udongo na madoa. Alitazama blanketi lilipokuwa, mgongoni mwa mkwewe. Aliamkiwa akaitikia, akaingia jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya ugali, kisha akaenda kukitandua kile kitanda. Jioni ile wawili wale walirudi kwao.

Ijumaa iliyofuata Elinami aliosha cheni, akaikausha, akaipa mafuta tone kwa tone, akafuta yaliyozidi. Hata hivyo yalibaki kidogo, kwa kuwa mafuta ni mafuta, na Sabato ile Nakijwa alipita katikati ya kanisa na doa moja jeusi kwenye pindo, dogo kama punje ya mtama. Watu wakaliona. Shemasi naye akaliona, akakaa kwenye benchi la mbele, akasikiliza mahubiri mpaka mwisho.

Na ninyi mliokuja leo mmevaa vyeupe hivi, wala sioni doa hata kwa mmoja wenu: huko nyumbani, juu ya kapu lililo mlangoni, kuna blanketi gani ambalo hamjaliulizia?