Wastani wa Zamda

Zamda kichwani alikuwa moto kwenye takwimu, ila kitanda kilikuwa hakimwachii. Muhula mzima, kipindi cha saa mbili asubuhi aliingia kachelewa nusu saa. Kikabaki kipindi kimoja, Dokta Kibwana, mhadhiri wa somo hilo, akamdaka mlangoni.

"Wewe mtihani hufanyi! Wastani wako wa kufika ni nusu saa baada ya muda."

"Shikamoo Dokta. Kwani kwenye wastani, mtu akiwahi, dakika zake zinapunguza za kuchelewa?"

"Zinapunguza. Haya, kesho uwahi, tuone utapunguza nini!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Nikiufuta huo wastani wa kuchelewa je?"

"Utafanya mtihani. Ukishindwa, unarudia kozi."

"Poa, Dokta. Mashahidi ni hawa wanaocheka."

Asubuhi Dokta akaja mapema kumvizia. Kufungua mlango, Zamda huyo hapo katikati ya madawati, kakaa kwenye godoro, anachovya chapati kwenye chai.

"Umefika saa ngapi, wewe?"

"Jana saa sita mchana, Dokta. Nimewahi kipindi kwa saa ishirini. Muulize mlinzi, kanifukuza hadi kachoka."

Dokta akashika chaki, akajumlisha, akagawanya, akafuta, akarudia. Jibu halikubadilika: mwanafunzi anayewahi kuliko wote darasani ni Zamda.