Mdahalo Uliowakalisha Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, walikuwa na siasa, na hata runinga walikuwa nayo. Msinicheke. Nawahadithia kama nilivyohadithiwa, na aliyenihadithia hakucheka hata kidogo.

Katika nchi yao palikuwa na kisima kimoja tu kisichokauka. Mlinzi wa kisima alichaguliwa kila baada ya miaka mitano. Na kwa kuwa Chama cha Wala Nyasi kilikuwa na wanachama tele, aliyeshinda mchujo wa chama hicho alikuwa ameshashinda kila kitu. Wala nyama walisimamisha mgombea wao kutimiza ada tu.

Mwaka huo waliobaki kwenye mchujo ni wawili. Wa kwanza ni Bi Pofu, mnyama wa pembe za kusokota, mwenye mwili mkubwa na maneno machache, aliyesema kisima ni cha wote. Wa pili ni Bwana Digidigi, ambaye akisimama karibu na nyati hafiki hata magotini. Huyo alipita kwa wadogo wenzake akinong'ona, "Wakubwa wanatuchafulia maji kwa miguu yao. Mkinichagua, nitazungusha boma la miiba. Sisi tutapenya chini. Wao waende mtoni."

Maneno hayo yalimfikia Bi Nyati. Mtoni ni mwendo wa siku mbili, tena njia ya simba. Naye alikuwa na kitinda mimba wake, Tunu, ambaye Chui alimrarua mguu akingali mchanga, na mguu ukapona vibaya. Nusu siku tu ilikuwa inamshinda.

"Digidigi akipita, mwanangu amekufa," Bi Nyati aliwaambia rafiki zake wawili, Mzee Kiboko na Punda Milia. "Sisemi kwa kutia chumvi. Amekufa."

"Hapiti!" alinguruma Mzee Kiboko. "Ukoo wako, ukoo wangu na ukoo wa Milia tukisimama nyuma ya Pofu, huyo kijidudu atabaki na shemeji zake watatu."

Na kweli, hesabu ilikuwa hiyo. Ila lazima mjue desturi yao, maana ndiyo iliyowaponza. Wao hawakupiga kura kwa karatasi. Walipiga kwa mlolongo: mgombea husimama uwanjani, na wanaomtaka hujipanga nyuma yake, mkia kwa pua. Jua likifika utosini, msimamizi hupuliza baragumu, mistari inahesabiwa, basi. Na tena, hakuna ukoo unaokanyaga uwanja kabla ya mkubwa wa ukoo. Mkubwa akiketi, ukoo mzima umeketi.

Digidigi aliijua desturi hiyo kama anavyoijua njia ya kwake.

Siku moja kabla ya kura, jua likielekea kuzama, Bi Nyati alisikia mlangoni, "Hodi! Hodi shangazi!"

Alikuwa Digidigi. Nyuma yake wajukuu sita wa Pimbi walikuwa wakihema, wamebeba runinga bapa na betri yake. Pimbi ndiye mwenye kituo cha runinga kule miambani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema Bi Nyati, uso umekunjamana. "Umekuja kupima mahali pa kuweka miiba?"

Digidigi akainamisha kichwa. Mnamjua digidigi, chini ya macho ana alama nyeusi, hata akicheka utadhani analia. "Shangazi, mimi najua nitashindwa. Nani atanichagua mimi? Lakini kesho asubuhi kuna mdahalo, mimi na Bi Pofu, moja kwa moja kutoka uwanjani. Nataka wakubwa mnisikie kwanza, ndipo mnikatae. Nishindwe kwa haki. Kumchagua mtu bila kumsikia si sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Na kura je? Tukikaa kutazama, mlolongo si utatupita?"

"Lo! Shangazi, umewahi kuona mlolongo usio na mgombea mbele? Mkituona kwenye runinga, si ndiyo kusema hatujasimama? Tukimaliza, mnakuja taratibu, mnajipanga. Tena usitazame peke yako. Mwite Mzee Kiboko. Mwite Punda Milia. Mdahalo ni watu."

Bi Nyati alimtazama yule mdogo, na moyo wake ukalainika. Ee, wanangu! Moyo ukilainika kwa adui, mwenyewe hujui kama umelainika.

Asubuhi wakaja. Mzee Kiboko aliketi sebuleni, benchi likalia kwaa! Punda Milia alikuja na mzigo wa majani mabichi wa kutafuna. Nje, uani, koo tatu zilijaa pomoni, zikisubiri wakubwa wao wainuke. Tunu alilala kizingitini, mguu wake mbovu ameunyoosha.

Runinga ikawaka. Paa! Kasuku, mtangazaji, akaonekana amevaa tai.

"Karibuni, karibuni! Huu ndio mdahalo wa mwisho! Bi Pofu, dakika moja! Dakika moja!"

"Kisima," alianza Bi Pofu polepole, "kilikuwepo kabla yetu..."

"Eeeh! Sema mama!" Punda Milia alirusha mateke, dari ikatikisika.

"Muda umekwisha!" akalia Kasuku. "Bwana Digidigi!"

Digidigi akasema, na alisema vizuri, mbwa yule, ingawa si mbwa. Alisema juu ya tope, juu ya kwato, juu ya vitoto vya swala vinavyokanyagwa.

"Mwongo!" Mzee Kiboko aliinyooshea runinga kidole kinene. "Mwongo mkubwa! Mjibu, Pofu! Mjibu!"

"Anakusikia?" aliuliza Bi Nyati.

"Hanisikii, lakini lazima aambiwe!"

Ikawa hivyo, saa ya kwanza, saa ya pili. Pofu akisema, wanapiga vigelegele. Digidigi akisema, wanazomea, "Zii! Zii!" Punda Milia akaanza kuhesabu nani kashinda swali lipi. Mzee Kiboko akasema kahesabu vibaya. Wakabishana wao kwa wao hata wakakosa kusikia swali la saba, kisha wakalaumiana kwa kulikosa.

Bi Nyati peke yake hakutulia. Aliinuka mara ya kwanza. "Jamani, twendeni tukasubiri kule kule."

"Keti, dada!" alisema Punda Milia. "Mgombea wako huyo hapo, unamwona. Ukienda sasa utajipanga nyuma ya nani? Nyuma ya kichuguu?"

Akaketi. Aliinuka mara ya pili, na Kasuku akapaza sauti, "Baada ya tangazo hili, Bi Pofu atajibu juu ya miiba! Usibanduke hapo ulipo!"

Angebandukaje? Hilo ndilo jibu alilokuwa analingojea miezi mitatu. Akaketi tena, akajiambia nikisikia hili tu nakwenda. Tangazo likaja, la chumvi ya kulamba. Likafuata jingine, la chumvi ile ile.

Pofu akarudi. Na safari hii, wanangu, alisema. "Atakayefunga kisima," alisema, "hafungi maji. Anafunga watoto. Kuna ndama namfahamu, mguu wake mmoja haufai. Mimi nagombea kwa ajili ya mguu ule."

Bi Nyati alihisi machozi yakimshuka, akageuka amtazame Tunu pale kizingitini. Ndipo akaona kivuli cha Tunu. Kilikuwa kimekaa chini yake, kidogo, kimejikunja.

Akatazama runinga. Kivuli cha Pofu kilikuwa kirefu, kimetambaa mpaka kwenye miguu ya Kasuku.

"Milia," alisema taratibu. "Mdahalo ulipoanza, kivuli cha Pofu kilifika wapi?"

"Mimi natazama mdahalo, dada, sitazami vivuli."

"Kilifika kwenye kile kijiwe. Sasa kimefika kwa Kasuku. Kimerefuka."

"Basi?"

"Kivuli cha asubuhi hufupika, Milia! Kinachorefuka ni cha jioni! Hii ni jana! Tumeketi tunatazama jana!"

Puu! Benchi likavunjika Mzee Kiboko alipoinuka. Runinga ilianguka, na Kasuku akaendelea kusema ameelekea chini, "Dakika moja! Dakika moja!" Lakini nyumba ilikuwa tupu.

Walikimbia, loo! Koo tatu kwa pamoja, gudu gudu gudu, vumbi likaziba anga. Bi Nyati alikuwa mbele. Alimwacha Tunu nyuma, na hata hilo lilimuuma, akakimbia huku linamuuma. Walikata kilima. Uwanja ukatokea.

Baragumu likalia. Puuuuu!

Mbuni, msimamizi wa uchaguzi, alikuwa akitembea kando ya mistari akidonoa hewa, moja, mbili, tatu. Mstari wa Digidigi ulizunguka uwanja: digidigi, swala, sungura, pimbi, hata ngedere ambao sijui walianza lini kula nyasi. Nyuma ya Pofu walisimama kumi na saba.

"Digidigi, mia mbili na tisa!" alitangaza Mbuni. "Pofu, kumi na saba!"

"Simama!" alipiga kelele Bi Nyati. "Sisi hatujajipanga! Sisi ni mia tano!"

"Baragumu limelia," alisema Mbuni.

"Ndiyo kwanza limelia! Tazama, tuko hapa, hatua kumi tu!"

"Baragumu limelia, Bi Nyati. Mlolongo hauhesabiwi mara mbili. Kanuni hizo mlizitunga nyinyi wenyewe wakubwa, ili wadogo wasichelewe."

Mzee Kiboko alimfuata Digidigi, kinywa wazi. "Wewe! Ulitudanganya!"

Digidigi hakurudi nyuma hata hatua. "Mimi, babu? Mna pembe, mna meno, mna mateke yanayovunja taya la simba. Mimi nina uzito wa paka. Nani kati yenu aliyefungwa kamba? Mlango ulikuwa na komeo?"

Mzee Kiboko alifunga kinywa.

Bi Nyati alimwendea Bi Pofu, ambaye bado alikuwa amesimama pale pale mbele ya mstari wake mfupi, kama aliyesahau kuondoka.

"Shoga yangu, nisamehe. Tulikuwa tunakutazama. Tulikuwa tunakushangilia wewe."

"Pimbi aliniambia mdahalo wameurusha jana ile ile," alisema Pofu. "Tangu asubuhi nasimama hapa, natazama kile kilima, hamji. Nikasema, basi wamenisikia, na wamenikataa."

Wanangu, kuna huzuni ya kupoteza, na kuna huzuni ya kujua ulikuwa na nguvu ya kutopoteza. Hiyo ya pili haina kilio. Hata mimi sina namna ya kuwaeleza.

Siku ya tatu miiba ilikuwa imeshazunguka kisima, myembamba, iliyosokotwa vizuri, na chini kulikuwa na vitundu vya kupitia wenye magoti mafupi. Punda Milia alipeleka malalamiko makao makuu ya chama. Aliambiwa asubiri jibu. Mzee Kiboko aliapa atauvunja ule ua, akausogelea mara moja, akarudi na miiba puani, tangu hapo akawa anausimulia mdahalo kwa kila anayepita, jinsi Pofu alivyomshinda Digidigi kwa hoja. "Swali kwa swali alimshinda!" alikuwa akisema. "Swali kwa swali!"

Bi Nyati hakusimulia chochote. Alifunga mlango, akamwinua Tunu, wakashika njia ya mtoni na ukoo wao.

"Mama, ni mbali?"

"Si mbali, baba."

Siku ya kwanza alimsukuma kwa pua. Siku ya pili, jua kali, Tunu alikunja miguu, akalala chini. Ukoo ukasimama. Maji yalikuwa mbele, harufu yake ilikuwa inasikika kabisa. Bi Nyati alimlamba usoni, akamwita, akamlamba tena. Wenzake walingoja mpaka kiu ikawashinda, wakaenda mmoja mmoja. Yeye alibaki amesimama juu ya mwanawe, akimkinga jua, hata baada ya kukinga kule kutokuwa na faida tena.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu chukueni, ikiwa chungu niachieni, ila mshike hili moja: kushangilia si kuchagua.