Msiba Mmoja, Likizo Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mikataba ya kazi ilikuwa imeshaanza kupigwa chapa, palikuwa na kampuni ya bima ya mazishi pale Iringa. Iliitwa Poleni Bima. Ukutani waliandika kwa rangi ya dhahabu: "Msiba wako ni msiba wetu." Wateja wakisoma walilia. Wafanyakazi wakisoma walikohoa.

Wafanyakazi walikuwa na sharti lao: msiba mmoja, likizo moja. Akifa mtu, ndugu mmoja tu ndiye anaruhusiwa kwenda kuzika, hata kama ukoo mzima umeajiriwa humo. Ukitoroka, ukirudi unamkuta mwenzio kwenye kiti chako. Sharti hilo alilitunga Ndunguru, wakili wa kampuni, mtu mpole sana, leso haimtoki mkononi.

Basi Mama Osmunda akafariki kijijini kwake, huko Mbinga, na watu watatu wa Poleni Bima wakafiwa kwa mpigo. Wakaingia kwa wakili.

Akaanza Gaudensia wa mapokezi. "Wakili, huyo ndiye aliyenizaa, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Ni kweli, miaka mingi sijakanyaga nyumbani. Kila nikiomba likizo mnaniambia subiri. Nimesubiri mpaka mama kachoka kunisubiri. Na uso wake nao nisiuone?"

Wakili akajifuta macho. "Nimeguswa sana, dada. Ila mkataba ni mkataba."

Akafuata Zenobius, tarishi. "Mimi mama yangu alikufa akinizaa. Mama Osmunda alikuwa ananyonyesha, akampa Gaudensia ziwa moja na mimi la pili. Mama wa kwanza sikumzika, nilikuwa kwenye nepi. Huyu naye akifukiwa bila mimi, nitakuwa nimepata mama wawili na sijazika hata mmoja."

Wakili akajifuta tena. "Nimeguswa sana, kaka. Ila mkataba ni mkataba."

Akabaki Kandida, mfagizi. Huyu alikuwa mjane wa marehemu mwana wa Mama Osmunda.

"Mimi hakunizaa wala hakuninyonyesha," akasema. "Lakini alipolala kitandani, likizo yangu yote ya mwaka niliimalizia kwake, namwogesha na kumlisha. Akanishika mkono akaniambia, 'Mkwe wangu, siku yangu ikifika unioshe wewe. Sitaki mwingine anione.' Nikamwahidi. Asubuhi hii wamenipigia simu kutoka kijijini, hawajamgusa, wananingoja mimi."

Leso ilikuwa imelowa chapachapa. Wakili akaikamua kwenye kikapu cha taka, akafikiri, kisha akapata la kusema, maana wakili hakosi la kusema.

"Likizo yenyewe ni siku tatu. Gawaneni, kila mtu siku moja."

"Kufika tu Mbinga ni siku nzima," akasema Zenobius.

"Basi utafika, utageuza."

Huko nje gari la kampuni lilikuwa linapakiwa. Meneja alitia shada la maua, akatia bango lenye jina la kampuni, akamtia na mpiga picha. Wanakwenda Mbinga kupiga picha na wafiwa. Wafiwa wenyewe wamesimama mlangoni, wanamtazama akipakia.

Kandida akauliza, "Wakili, na nyinyi mnakwenda kwa likizo gani?"

"Sisi hatuendi msibani, dada. Sisi tuko kazini. Tunalipwa posho." Akatoka, akapanda gari, akakaa dirishani. "Ila nafasi moja ipo, hapa kati ya mpiga picha na shada. Mwenye likizo apande."

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka, nyamazeni kidogo. Dereva ameshawasha gari na mlango uko wazi. Gaudensia anautaka uso wa mama aliyemzaa. Zenobius hana mama mwingine wa kumzika. Kandida ana ahadi, na kuna maiti inayongoja kuoshwa na mikono yake. Msiniambie wapande wote, watoto wao wanakula kwa kazi hii hii. Wala msiniambie tumshushe wakili kwa makofi, hilo nililiwaza kabla yenu.

Je, katika hao watatu, nani alistahili kupanda? Na wewe uliyejibu haraka, ungewatazamaje wawili waliobaki kazini?