Kibisi na Tete la Tano

Nitoe nisitoe?
Toa!
Nikiitoa mtaishika?
Kwa mikono miwili!
Na asinzie nani?
Asinzie mwenye hadithi yake!

Basi shikeni. Palikuwa na bwawa, nalo lilikuwa la wote. Ninaposema la wote, maana yake ndege waliogelea humo, na wawindaji waliwala ndege humo humo, ila kwa sheria. Msimamizi alikuwa Mzee Kiboko. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, alilala kwenye mfereji ulio mlango wa bwawa, tuli, akauziba mto kwa tumbo lake, na maji ya bwawani yakapungua ili wawindaji wapate pa kukanyaga. Msimu ukifungwa aliinuka, mto ukaingia, na mwindaji hakutia tena mguu.

Kila mwindaji alichukua tete moja mlangoni. Tete lenye fundo moja lilikuwa la kituo cha kwanza, lenye mafundo mawili la kituo cha pili, hivyo hivyo mpaka la tano. Ndege wawili kwa siku, basi. Ukitaka kubadilisha kituo, unalirudisha tete lako, unalichomeka topeni mbele ya pua ya Mzee Kiboko, ndipo unang'oa jingine. Na matete yote matano yakisimama, msimu umekwisha. Fisi aliwahi kuvuka kituo bila tete. Mzee Kiboko alimkanyaga kidogo tu, na mpaka leo mnaona anavyochechemea.

Kiboko hawezi kupima maji, kwake yeye maji yote ni mafupi. Kazi hiyo alipewa Kibisi, ndege mdogo kama ngumi, hana hata mkia wa kujivunia, lakini kwa kuzamia hana mwenzake. Maji aliyapima kwa mwili wa Mondo, yule paka wa porini mwenye madoa, kwa kuwa hakuna mwindaji aliyekuwa na miguu mirefu kama yake. Wala hakuna aliyekuwa mlafi kama yeye.

Kila asubuhi Mzee Kiboko aliita, "Kibisi, maji yako wapi?"

Chubwi! Kibisi akazama. Pu! Akaibuka.

"Mzee, maji yako kifuani kwa Mondo."

Wiki ya pili, "Kibisi, maji yako wapi?"

Chubwi! Pu!

"Mzee, maji yako tumboni kwa Mondo."

Wiki ya nne, "Kibisi, maji yako wapi?"

Chubwi! Kichwa kikagonga tope.

"Mzee, maji yako magotini kwa Mondo."

Wawindaji wakayasikia, wakayaamini, wakajipanga. Hao walikuwa hivyo: hata mtu akiwa amelowa mpaka kiunoni, alingoja tangazo la asubuhi limwambie kama kuna maji.

Msimu ukaelekea ukingoni, na uwindaji ukawa mgumu. Bata wajinga walikuwa wamekwisha kuliwa mwezi wa kwanza. Waliobaki ni wale walioerevuka. Jani likitikisika, pururu! wako juu, wanazunguka, wanatua katikati ya bwawa kusiko na pa kujificha. Mbweha akachoka, akarudisha tete. Nguchiro akarudisha tete. Kicheche akarudisha tete. Paka-pori naye akarudisha, akinung'unika kwamba tope limemfika mapajani na hajaona hata unyoya. Akabaki Mondo peke yake, na tete la tano.

Bata waliweza kuruka. Kibisi hakuweza kwenda popote, kwa sababu alikuwa na mayai matatu. Kibisi hujenga kiota juu ya maji, rundo la magugu yaliyooza, linaelea. Akitoka huyafunika mayai kwa magugu hayo hayo, na ukipita utasema ni takataka. Lakini maji yakiondoka rundo hukaa chini, na kilicho chini kila mguu hukifikia.

Siku moja Mondo alisimama ukingoni mwa kituo cha tano, akanusa.

"Bibi Kibisi, rundo lako linanukia mayai."

"Ni magugu tu, Bwana Mondo."

"Haya. Leo tope ni laini, litanimeza. Kesho litakuwa limekauka. Kesho nitakuja kula magugu."

Kibisi akaenda mbio kwa msimamizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mondo anataka mayai yangu. Sheria inasemaje?"

Mzee Kiboko akafikiri mpaka nzi wakamtua puani. "Sheria inasema ndege wawili kwa siku. Mayai haiyataji."

"Basi inuka, Mzee, maji yaingie. Wengine wote wamekwisha kurudi."

"Tete moja liko nje. Nikiinuka tete likiwa nje, mimi si msimamizi tena. Nitakuwa kiboko tu, kama viboko wengine."

Kibisi akarudi kiotani. Alilia, ndiyo, ndege hulia. Kisha akawaza. Alimwaza Mondo alivyo: chakula alichokishika hakijawahi kumtosha.

Kulipokucha, upepo wa baridi ukavuma. Kibisi akayafunika mayai yake vizuri, akaenda mlangoni.

"Kibisi, maji yako wapi?"

Hapakuwa na pa kuzamia. Akasimama kwa miguu yake.

"Mzee, maji yako vifundoni kwa Mondo," akapaza sauti. "Tena kituo cha pili bata wametua. Wamenenepa hata shingo hazionekani. Wamelala, vichwa mbawani."

Je, alidanganya? Bata wawili walikuwepo kweli. Unene na usingizi aliwapa yeye.

Mondo alikuwa hatua tano tu kutoka kiotani. Mguu mmoja ulikwisha kuinuka. Akasikia "bata", mguu ukabaki hewani.

"Mayai hayana miguu," akajiambia, "bata wana mbawa. Nianze na wenye mbawa, nije nimalizie na yasiyo na miguu."

Akaja mlangoni, chapa chapa chapa.

"Mondo, una haja gani?" akauliza Mzee Kiboko.

"Nabadilisha kituo, Mzee. Kwa utaratibu."

"Vizuri sana. Rudisha tete."

Mondo akalichomeka tete la tano topeni. Kabla hajaupeleka mkono kwenye lenye mafundo mawili, Kibisi akasema kwa upole, "Mzee, hesabu matete."

"Moja. Mawili. Matatu. Manne. Matano." Mzee Kiboko akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. "Yamesimama yote. Msimu umefungwa!"

"Ngoja! Nabadilisha tu!"

Nani amsikie? Mzee aliinuka na tumbo lake lote, na mto ukaingia. Fwaaaaa! Ukamzoa Mondo, ukambiringisha, ukamtema kwenye majani makavu, amekonda kwa kulowa. Kibisi hakungoja kumcheka. Alipiga mbio juu ya maji mpaka kwenye rundo lake. Nalo likatikisika, likajinasua topeni, likaelea.

Akafunua magugu. Mayai mawili yalikuwa na joto. Moja, la pembeni, lilikuwa limepoa wakati ule wa maneno mlangoni. Kesho yake mawili yalianguliwa, na vifaranga wakampanda mama yao mgongoni. Lile la tatu aliendelea kuligeuza na kulilalia kwa siku sita, ingawa alijua.

Sasa funzo, maana najua mtanidai. Hadithi hii inatufundisha tufuate utaratibu. Katika bwawa lile, asubuhi ile, aliyefuata utaratibu bila kukosea ni Mondo peke yake, na mmeona alivyotunzwa: aliogeshwa mwili mzima bure. Yule mama aliyeongeza chumvi kwenye tangazo la wote, shauri yake. Muulizeni mwenyewe kama angerudia. Mimi nilimuuliza. Alisema angerudia, ila angesema haraka zaidi.

Nimefika ukingoni. Iliyowapendeza ni yenu, nendeni nayo. Iliyowachoma nirudishieni, nitaivaa mwenyewe.